Birago Kajamba

Dada Afrakoma,

Nimekuja kuoga tu, narudi hospitali. Bomba lako la kumwingizia mtoto maji ya tangawizi kwa nyuma nimelificha, usilitafute. Utumbo wa Birago ulikuwa umejisokota. Ungempiga lile bomba, sasa hivi tungekuwa tunamzika mjukuu wangu.

Juzi madaktari wakubwa wa zamu walisema, "Mzee, subiri." Marehemu mke wangu naye alisubirishwa hivyo hivyo. Nikawatandikia mezani kitambaa chenye matapishi ya kijani ya Birago, wakampasua upesi.

Leo asubuhi Birago kajamba, maana yake utumbo umefunguka. Wodi nzima tulicheka, daktari akanikumbatia. Mletee mtoto uji mwepesi wa mahindi, ugali mzito wa fufu bado. Daktari naye mletee ~~mfupa~~ paja la kuku, ila usimwambie limetoka kwangu.

Babu wa mjambaji