Mkurugenzi Aliyechemsha Chai kwenye Sufuria

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, kazini naitwa Mama Chai. Umri: miaka 46. Kazi: mhudumu wa chai, kampuni ya kuuza vigae. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya ghala la kampuni. Nimehojiwa na koplo wa zamu tarehe 29, saa tatu na nusu asubuhi, bila kulazimishwa na mtu.

Kwanza natangaza rasmi kwamba birika la umeme la ofisi yetu lilifariki tarehe 19, saa nne asubuhi, likiwa kazini. Koplo ameniambia niende kwenye kesi. Nimemjibu kesi inaanzia hapo. Tangu siku hiyo nachemsha chai kwenye sufuria.

Mwenye kampuni ni shemeji yangu, amemuoa dada yangu mkubwa. Alinipa kazi miaka mitatu iliyopita, na nilimshukuru. Mwaka huu mwanawe wa kiume na binti yangu wamemaliza shule pamoja, na wote wamechaguliwa chuo cha uuguzi. Ada ya binti yangu siiwezi, hivyo nikamwombea ufadhili wa watoto wa wafanyakazi wa kipato cha chini.

Mnamo tarehe 26, saa nane mchana, karani wa ufadhili alinirudishia fomu. Alitazama kompyuta, akatazama kandambili zangu, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, kwenye taarifa za kodi wewe ni mkurugenzi mtendaji. Mshahara wako unauzidi wangu mara ishirini. Nafasi imebaki moja, waachie wenye shida."

Akaongeza kwamba kampuni imeandika kuwa kodi yangu najilipia mwenyewe, na miaka mitatu sijalipa. Nilicheka. Nilipofika nje nilikuwa sicheki tena, nilikuwa nakumbuka kadibodi.

Siku ya mshahara mhasibu wetu, tunayemwita Miwani, hufunika karatasi ya malipo kwa kadibodi yenye tundu. Kwenye tundu unaona jina lako na mahali pa kusaini, basi. Husema analinda siri ya kila mtu. Nimesaini hivyo miaka mitatu, nikipokea bahasha ileile nyembamba, na kila mara Miwani huniambia, "Harakisha mama, wenzako wanasubiri," hata kama nyuma yangu hakuna mtu.

Tarehe 28, siku ya mshahara, saa nne kamili, niliingia kwa Miwani na sufuria ya chai inayofuka. Alikuwa ameikandamiza kadibodi kwa viganja viwili, kama anazuia mtu asitoke.

Nikamwambia, "Kaka, nipokee, naungua."

Sikuwa naungua sana. Akapokea, na kadibodi ikateleza mpaka sakafuni.

Penye jina langu paliandikwa mkurugenzi mtendaji. Mstari wa chini yake ulikuwa na jina la shemeji: mhudumu wa chai, kwa mshahara wangu mimi, hadi senti ya mwisho. Miwani alibaki ameshika sufuria, hana pa kuitua.

Niliingia kwa shemeji bila kubisha hodi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha tai.

"Shemeji, hayo ni mambo ya karatasi tu. Watu wanalilia cheo, wewe nimekupa bure."

"Basi niachie kiti changu."

Hakuinuka. Aliuliza kama nimeshamwambia dada. Nikasema bado. Akasema tusimsumbue, ana presha. Dada yangu hajawahi kuwa na presha.

Naomba rekodi zirekebishwe leo, kabla ile nafasi moja haijapata mtu. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sukari sijaongeza.

Sahihi ya shahidi: (amesaini, baada ya kusoma ukurasa wote mara mbili)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Saa tano na dakika kumi nilipiga simu ofisi ya ufadhili kuthibitisha. Nafasi ya mwisho ilitolewa tarehe 27, kwa mtoto wa kiume wa mhudumu wa chai wa kampuni hiyohiyo.