Taa Nyekundu Sebuleni kwa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Kamera za kwa Mama zimenichosha! Tatu nzima — sebuleni, koridoni, jikoni — na hakuna hata moja ya kutegemea. Leo nimefungua simu pale kaunta, mteja anasubiri bushi za mbele za gari lake, nimchungulie Mama kidogo. Kiduara kikazunguka weee. Kisha picha ikakwama: Mama kwenye kiti, katulia tuli. Nikafunga, nikafungua. Yuleyule, kitini.

Daktari hakumung'unya maneno baada ya operesheni ya nyonga. Atembee kila siku, sebuleni hadi jikoni na kurudi, la sivyo damu itaganda mguuni. Chapchap, dada anayemsaidia Mama (jina nimempa mimi kwa kasi ya mikono yake), anaondoka mchana. Baada ya hapo macho yangu ni hizo kamera. Duka haliachiki, na Mama yuko upande wa pili wa mji.

Nikimpigia anasema anatembea. Natembea mwanangu, natembea. Haya.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nimempeleka Fundi Waya, jamaa wa kufunga kamera, kwa Mama, mbio mbio, hata chai sikunywa. Kaicheka ile app iliyokuja na kamera mpaka akakaa chini. Anasema kamera ni nzima, app ndiyo inayojisahau. Ameweka programu nyingine ya kurekodi, ya watu wengine kabisa, kwenye kompyuta yangu ya zamani, tukaificha nyuma ya tivii. Sasa hiyo ndiyo inavuta picha, saa zote. Kuhifadhi, inahifadhi pale tu kitu kinapotikisika, ili diski isijae.

Kitaa chekundu cha kwenye kamera zamani kiliwaka nikifungua simu tu. Sasa hakizimi. Fundi anasema nisijali, maana yake picha inavutwa.

Mama alikitazama sana. Akauliza, hakizimi tena? Nikamwambia hakizimi, Mama, sasa nakuona kutwa! Uso ukamchanua. Tulipokuwa tunaaga alikuwa chumbani anabadilisha gauni.

Ijumaa, 8 Machi

Jamani! Rekodi ya jana ina mashimo matupu!

Chapchap anafagia — ipo. Chapchap anaaga — ipo. Halafu hewa. Mchana kutwa, hewa! Kipande kimoja tu, Mama anajikuna pua. Kisha hakuna kitu mpaka jirani anapoingia na maziwa.

Nikampigia Fundi. Labda mtandao, labda waya, labda kuna mtu anachomoa. Mtu anachomoa! Damu ilinichemka. Mimi muuza vipuri, nikisikia kitu hakifanyi kazi natafuta mkono uliokigusa. Nikampigia Chapchap, nikamsema vibaya, mbele ya wateja. Anasema hajagusa waya wowote, na nikitaka kujua nimuulize mama yangu kwa nini habanduki kwenye kile kiti. Nikamwambia asinibadilishie mada.

Akakata simu. Amenikatia simu! Mimi!

Jumamosi, 9 Machi

Chapchap hajaja kwa Mama. Mama anasema hana neno, chakula kipo.

Fundi amebadilisha mpangilio akiwa hukohuko kwake. Sasa inarekodi mfululizo, kitu kitikisike kisitikisike. Anayechomoa tutamnasa tu.

Jumatatu, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeangalia rekodi ya jana. Hakuna aliyechomoa kitu. Hakuna shimo hata moja. Mama yumo. Mama yumo kutwa nzima! Kavaa gauni alilovaa harusi ya kaka, kilemba kichwani, mikono juu ya mapaja, kidevu juu, anaitazama kamera. Hatikisiki. Nikadhani picha imekwama tena — lakini saa ya ukutani nyuma yake inatembea. Nikasogeza mbele. Mama vilevile. Nikasogeza tena. Vilevile! Glasi ya maji iko karibu na mkono wake, haigusi. Giza lilipoingia ndipo akainuka, kashika ukuta, anauburuta mguu kwenda kulala.

Programu haikuwa na kosa. Alhamisi haikuhifadhi kwa sababu hapakuwa na kitu kilichotikisika.

Mteja pale kaunta akaniuliza kama naumwa. Nimefunga duka.

Siku hiyohiyo, kwa Mama

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, miguuni pake. Gari tumeshaliita.

Nilimuuliza, Mama, mbona hukuinuka kutembea? Akanishangaa yeye! Si taa inawaka? Ukitikisika picha inaharibika, inatoka na ukungu. Enzi zao, walipokwenda studio kupigwa picha, Baba alipiga chafya, mpiga picha akawafokea mpaka Mama akatamani kulia. Kwa hiyo kitaa kikiwaka alikuwa anatulia, kikizimika anainuka, anatembea zake. Hakunidanganya. Tangu Jumatano hakikuzimika. Amesema, "Nikajua sasa mwanangu ana hamu na mimi kweli."

Ni mimi. Ni mimi na programu yangu tumemfunga kitini!

Nikapandisha gauni niangalie mguu. Wa kushoto umevimba, unang'aa, wa moto. Daktari kwenye simu hakuniacha nimalize: mlete sasa hivi, asikanyage chini. Nikampigia Chapchap. Sikuwa na uso wa kumwomba, nimemwomba. Nikajua atanikatia tena. Akasema anakuja, nisimwinue Mama peke yangu, nitamwangusha.

Nimezichomoa kamera zote tatu, nyaya nilizivuta kwa hasira mpaka plasta ikabanduka ukutani. Nikamwambia, basi Mama, jilegeze, imekwisha. Hakujilegeza. Alikitazama kile kitaa kilichozimika, akakiangalia na kile cha koridoni, kisha akaninyooshea kola ya shati. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa utakuwa unaniona lini?"

Honi inalia nje. Chapchap ameshaingia, ananiita nishike upande wa kushoto. Mama bado ananitazama, anangoja