Ukuta wa Upande wa Bahari

Jumapili, alasiri. Mchinga.

Mvua imepumzika tangu alfajiri lakini haijaondoka. Mawingu yamekaa chini chini upande wa bahari, na kila kitu hapa uani kwa mama kinanuka udongo mbichi. Mikono yangu imechanika kwa kamba. Kucha sitaki hata kuziangalia.

Sijaandika humu tangu baba afariki. Nilidhani nikirudi nitaandika habari zake, maneno mazuri ya kumuaga. Kumbe nimerudi na habari za ukuta. Mtanivumilia.

Nyumba yetu ni ya mawe na udongo, imepigwa lipu ya chokaa, na imeipa bahari mgongo. Ukuta wa mgongoni hauna dirisha hata moja, maana baba alisema haoni sababu ya kuikaribisha mvua ndani. Mvua ya masika hapa kwetu haidondoki kutoka juu kama ya watu wengine. Inakuja kwa ubavu, imebebwa na upepo, imechanganyika na chumvi, na inaupiga ukuta ule kutwa nzima. Lipu inavimba, inabanduka, kisha maji yanaingia kwenye udongo unaoshika mawe. Udongo ukilainika, mawe hayana tena cha kuyashikilia.

Ndiyo maana kila mwaka, korosho zikishauzwa na kabla masika haijaingia, baba aliuvalisha ukuta ule makuti ya kumba, yale yanayosukwa kuti likiwa zima, ambayo watu huzungushia uani. Mama alisuka, baba akafunga. Alisimamisha fito, akaanza chini kwenda juu, kila kuti likimlalia mwenzake kama magamba ya samaki, ili maji yateremke bila kugusa lipu. Alifunga kwa kamba za makumbi ya nazi. Msumari hakuutaka, alisema unakula ukuta kwa siri. Na kazi hiyo hakumwachia mtu. Kaka yangu Shaweji ana miaka arobaini na zaidi, ana watoto na mke huko Dar, lakini hajawahi kuruhusiwa kufunga hata fundo moja.

Mwaka huu baba alifunga kama kawaida. Hazikupita siku nyingi akaanza kuumwa, na hakuamka tena.

Mama yuko eda. Kwa wasiojua, mjane huku kwetu hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyoachwa na mumewe, hatoki bila dharura, na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumuoa, hawaonani naye. Chumba anachokaa ni kile kile chao cha siku zote, ambacho mgongo wake ndio ukuta wa bahari. Kwa hiyo tangu siku ya mazishi mama hajauona ukuta ule kwa nje.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Mama si mtu wa kulalamika kwa simu, akipiga huuliza watoto wamekula nini, basi. Safari hii alisema, "Mwajuma, ukuta unalia." Nikafunga cherehani zangu Lindi, nikamwachia jirani ufunguo, nikaja.

Nilipozunguka nyuma ya nyumba nilisimama nikashindwa hata kusema astaghafirullah. Ukuta uko uchi. Hakuna kuti hata moja. Fito zimebaki zimesimama peke yake, na lipu imebanduka kwa chini kiasi cha mkeka mzima, mawe yanaonekana. Na kila mpita njia aliyeniona pale alikuwa na maneno yale yale: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ahsanteni, nimesikia. Anayejua methali na alete udongo.

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. Chumvi imetoka ukutani nyeupe kama unga, godoro limesogezwa katikati ya chumba. Mama amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwenye ukuta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikadhani ni majonzi.

Hayakuwa majonzi. Ilikuwa hasira.

"Baba yako alifunga ovyo mwaka huu," aliniambia. "Alijua anaumwa, akanificha. Akafungafunga tu ili nione amefunga. Upepo mdogo, yote yamekwenda. Miaka yote hiyo hakuwahi kunifanyia hivyo, mwanangu. Amenifanyia hivyo siku anayojua anakwenda."

Mama na baba hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Sijawahi kumsikia baba akimwambia mama anampenda, na ingekuwa hivyo nadhani sote tungetoka mbio. Lakini makuti yale yalifungwa kila mwaka, kimya kimya, upande wa chumba anacholala mama. Sasa mama amekaa siku baada ya siku mbele ya ukuta unaovuja, anaamini kwamba mwisho wa yote mumewe alimfanyia uzembe.

Nikakumbuka kwamba siku ya mazishi hakulia. Siku ya hitma hakulia. Tulimsifu. Tulisema mama ana subira, mashallah. Siku ya mazishi labda ilikuwa subira kweli. Tangu mvua ianze, ni kinyongo.

Nikamuuliza nani kamwambia ni upepo. Akasema Athumani.

Athumani ni mtoto wa baba mdogo, amekua hapa hapa, na tangu msiba ndiye anayemletea mama maji na samaki, akizungumza naye kwa nyuma ya mlango. Nilimfuata. Nilikuwa nimeshaona kitu kilichonikera: kamba zilizobaki kwenye fito hazikukatika, zimekatwa. Upepo hautembei na kisu.

Hakubisha. Alikaa chini kwenye gogo la mnazi akaniambia yote. Siku ya msiba jua lilikuwa kali mno, na turubai la msikitini lilikuwa limekwenda kwenye msiba mwingine. Wazee wamekaa juani. Yeye na vijana wakasema mvua bado iko mbali, tuyatoe haya makuti ya ukutani tuwafanyie wazee kivuli, kisha tutayarudisha. Wakayatoa. Watu wakakaa kivulini, wakamwombea baba dua. Hakuna aliyeuliza kivuli kimetoka wapi. Banda likabaki limesimama hadi hitma, na siku ya hitma kuni zilizoletwa zilikuwa mbichi, moshi mtupu, masufuria yanangoja. Mtu akachukua kuti moja. Akaja wa pili.

Hapo nilitaka kumpiga. Kisha nikakumbuka jiko lile. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye sufuria kubwa. Niliyasukuma makuti motoni kwa mikono yangu mwenyewe, yakawaka kwa kishindo, nikasema alhamdulillah, angalau leo kuna mtu kaleta kitu kikavu.

Tulipikia kazi ya mwisho ya baba. Tukala, tukashiba, tukanawa.

Athumani alisema, "Dada, mama mkubwa aliponiuliza nilishindwa. Nitamwambiaje? Nikasema upepo." Akaniomba nisimwambie. Tufunge mengine, alisema, ukuta ukauke, mama amalize eda yake salama, na mambo haya yatakwisha yenyewe.

Nikakubali kwanza. Naandika hapa ili nisijidanganye: nilikubali kwa sababu ilikuwa rahisi.

Shaweji kwa simu alitaka nimhamishie mama kwangu Lindi. Alisema ameshauliza kwa ustadhi, nyumba ikiwa na hatari ni dharura, mjane anaruhusiwa. Nilimpelekea mama maneno hayo. Alitikisa kichwa. "Sitoki kwenye nyumba ya mtu nikiwa nimemkasirikia," alisema. "Nikitoka hivi sitairudia." Hapo nikaelewa kwamba ukuta si shida ya mvua peke yake.

Nilikuwa nimekuja na turubai la buluu. Nikalifunga, nikajiona fundi. Upepo ukalijaza, likapigapiga mpaka mama akasema bora mvua, na kabla ya magharibi lilikuwa limechanika kona mbili, maji yanapita nyuma yake kama kawaida. Kumbe makuti yanaachia upepo upite na kuyazuia maji. Turubai linazuia vyote viwili, na upepo hauzuiliki.

Jana basi tukasuka. Athumani alipanda minazi akaangusha makuti, Bi Somoe, jirani yetu wa siku nyingi, akaja na mkeka wake, na mama akatoka uani, ambako eda inamruhusu. Mimi ni fundi cherehani, natengeneza magauni ya harusi, lakini kuti langu la kwanza mama aliliinua akaliangalia kwenye mwanga. "Hili unamfungia mbuzi?" Akalifumua lote. Bi Somoe alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alisuka haraka, akivuta kila jani kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na nilijua anamvuta nani.

Leo asubuhi tukaanza kufunga, mimi na Athumani nje, mama ndani. Kwa kuwa makuti ni mabichi na yatasinyaa yakikauka, ilibidi yalaliane zaidi, na mama ndiye aliyetuongoza. Alikuwa anapitisha kiganja ukutani kwa ndani, akikuta penye majimaji zaidi anagonga, nasi tunaongeza kuti mahali pale. Anagonga, tunafunga. Kazi ilikwenda vizuri, nusu ya ukuta ikafunikwa.

Kisha sauti yake ikapita ukutani. Lipu imeshaisha sehemu ile, unasikia kila neno.

"Vuteni kamba sawasawa. Msifunge kama yeye mwaka huu."

Athumani alikuwa na kamba mkononi. Akasimama. Nilimwangalia, naye akaniangalia, na nikaona kwamba tukifunga fundo linalofuata bila kusema kitu, tutakuwa tumemzika baba mara ya pili, na safari hii vibaya.

Nikasema, "Mama. Baba alifunga."

Nikasema tena, baba alifunga, upepo haukuchukua kitu. Athumani akasogea karibu na ukuta, akainamisha kichwa kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake, ingawa mbele yake palikuwa na mawe tu. Akamweleza. Kivuli cha wazee. Kuni mbichi. Jiko. Akasema ni yeye aliyeyatoa, na ni yeye aliyedanganya, na kwamba hana uso.

Mama akauliza swali moja tu.

"Mafundo mliyakuta yamelegea?"

"Hapana, mama mkubwa," Athumani akajibu. "Nilijaribu kuyafungua kwa mkono yakanishinda. Mpaka nikaomba kisu."

"Yalikushinda?"

"Yalinishinda. Yote."

Halafu nikamsikia mama akilia. Sijawahi kumsikia mama yangu akilia hivyo, si kwa kwikwi za kujizuia, kwa sauti nzima, akimwita baba kwa jina lake alilozaliwa nalo ambalo mbele yetu hakuwahi kulitaja. Bi Somoe alitoka uani mbio, nikamwashiria amwache. Athumani aligeukia baharini akajifuta uso kwa ukosi wa shati. Mimi niliweka paji la uso wangu kwenye ukuta ule wenye maji, nikalia na mimi. Hatukuonana. Alimlilia mumewe kwa ndani, nikamlilia baba yangu kwa nje.

Tulimaliza kufunga kabla ya adhuhuri. Sijui kama ukuta utaivuka masika. Sehemu ya chini imelainika sana, na fundi wa chokaa hawezi kuigusa mpaka ikauke, labda mpaka mvua zikatike kabisa. Usiku mama atalala chumba cha mbele. Amekubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, na amemwambia Athumani kwa nyuma ya mlango kwamba kesho alete samaki kama kawaida.

Naona mawingu yameshasogea. Tone la kwanza limedondoka kwenye simu. Naingia ndani nikakae naye.