Herufi ya Mwisho ya TUPO

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila shingo imekakamaa kwa kutazama juu, maana siku hizi riziki yangu iko angani. Kile kiwanda cha magodoro anakoshona shemeji kiliniita nirushe droni, nipige tangazo la kutia watu moyo. Wafanyakazi wajipange uwanjani na fulana za njano, waandike TUPO, kisha muziki upande na wateja watokwe machozi.

Wakajipanga, nikaipaisha. Bosi alikuwa nyuma yangu, macho kwenye kioo cha rimoti yangu.

"Hapo pameandikwa nini?"

"TUPU, bosi."

Nisingemdanganya, dada. O ilikuwa wazi juu. Waliopangiwa kuifunga ni idara nzima ya kushona, na idara hiyo yeye mwenyewe alikuwa ameipunguza kazini asubuhi ileile.

Ungemwona! Aliwakokota mhasibu na meneja, na tai zao, wakazibe pengo. Wakatanua mikono mpaka vifungo vya mashati vikakatika. Kutoka juu, O ikawa mdomo wa kibogoyo aliyebakiwa na meno mawili. Mwishowe akaniambia nipige mawingu tu. Sasa tangazo zima ni mawingu, na watu wanalisifu kwamba linainua moyo.

Shemeji anakusalimu. Nilimkuta getini, fulana ya njano ameikunja vizuri kwapani. Kaniomba nikwambie yuko likizo.

Basi dada, nimekwambia: yuko likizo.

Mdogo wako,
Mzee wa Mawingu