Taa ya Kushoto

Mwakio,

Safari tulikwenda. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama jeneza lako lilifika Wundanyi salama. Lilifika. Mwezi wa saba ulipokaribia, watu wa kikundi chetu walikuwa wakilikwepa jambo hili kila Jumapili baada ya ibada, hadi mkeo mwenyewe akasema magari yatoke kama kila mwaka, na lako litakuwepo, ataliendesha yeye. Hakuna aliyebisha. Unamjua.

Tulitoka Johannesburg alfajiri, magari manne. Achieng, daktari wetu wa meno, alitangulia, maana kung'oa meno ya watu wiki nzima hakumtoshi. Akafuata Mutiso na mkewe, kisha mimi, na nyuma kabisa mkeo, Mama Neema, na mwanao Neema pembeni yake akiwa na ramani. Nilimshauri mkeo akae katikati ya msafara. Akasema mahali pa gari hili ni nyuma.

Siku mbili za kwanza hazina habari kubwa. Tulivuka mpaka, lami ikaisha, jangwa likaanza, tukapunguza upepo kwenye matairi kama ulivyotufundisha, na Mutiso akapunguza kupita kiasi kama kawaida yake. Mama Neema aliupita mchanga wa kwanza bila kukwama. Mimi nilikwama. Neema alipiga picha na ameshawatumia wote.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Unaikumbuka sheria, uliitunga wewe. Kila dereva anamlinda aliye nyuma yake. Ukifika njia panda unasimama, unasubiri mpaka taa za gari linalofuata ziwe karibu na dereva wake aone unakokwenda, ndipo unakata kona. Redio zetu hazifiki mbali na simu huko ni mzigo tu. Miaka tisa kila mtu aliishika sheria hiyo isipokuwa mimi, kwa sababu nyuma yangu ulikuwa wewe, na wewe ulikuwa ukisimama kila kilomita mbili kupiga picha ndege asiyejulikana na mtu. Mwaka wa kwanza nilikusubiri nusu saa kwenye jua. Ulipofika ukacheka, ukaniambia, "Mimi usinisubiri. Wewe nenda tu, mimi nipo." Tangu hapo sikuwahi kusimama.

Basi siku hiyo, saa tano hivi, nilifika kwenye njia panda. Alama za matairi zilikuwa mpya pande zote mbili. Achieng na Mutiso nilikuwa nawaona upande wa kulia. Nikatazama kioo, nikaona ile taa yako ya kushoto, iliyofifia tangu ulipoligonga lango la kwenu Kempton Park ukasingizia robot, zile taa za barabarani. Ilikuwa mbali, ndani ya vumbi. Moyo wangu ukatulia. Nikakata kona bila kusubiri, nikaenda.

Tuliposimama kunywa chai, Achieng alihesabu magari. Akahesabu tena, kana kwamba matatu yangeweza kuwa manne.

Sitakuficha, niliogopa. Nilikuwa nimebeba jeneza lako miezi minne tu iliyopita, na sasa nilikuwa nimempoteza mkeo na mtoto wako mahali ambapo gari jingine linaweza lisipite kwa siku mbili. Nilirudi, Achieng akinifuata. Pale kwenye njia panda tukashika upande wa kushoto. Nilisoma alama za matairi na kuomba, na maombi yenyewe hayakuwa na mpangilio.

Tuliwakuta saa tisa. Mama Neema alikuwa amegundua mapema kwamba hakuna vumbi mbele yake, akafanya ulivyosema kila mwaka tukikudharau: akazima injini na kukaa pale pale karibu na gari. Alifunga lile turubai la kijani wapate kivuli, Neema akapanga matawi njiani, mshale unaoelekea waliko. Sufuria ya chai ilikuwa mekoni. Neema alisema kwa Kiingereza chake kwamba tumechelewa na biskuti zimeisha. Mkeo alinipa kikombe, akasubiri nimeze, ndipo akauliza, "Hukutuona?"

Nikasema vumbi lilikuwa jingi.

Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua. Vumbi lilikuwepo, kweli, lakini niliwaona. Tatizo ni kwamba sikuwaona wao. Nilikuona wewe. Niliamini uko nyuma na unaijua njia, nikaenda kama ulivyoniambia. Matanga yote sikulia, Mwakio, nilikuwa msimamizi wa viti na usafiri.

Tulirejea, wote wazima. Wiki tatu nilikwepa kupita kwenu. Jumamosi nikaenda. Mama Neema alikuwa anachambua sukuma wiki jikoni, nikamwambia ukweli wote nikiwa nimesimama mlangoni, kuanzia ile taa hadi yale maneno yako. Nilitegemea anitimue. Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha.

"Na mimi nilikaa kwenye kiti chake nikadhani naijua njia," akasema. "Ramani ilikuwa mikononi mwa mtoto, sikumwuliza hata mara moja."

Akanawa mikono. Kisha akasema, "Basi badilisha hiyo taa, shemeji."

Nilishuka mjini, nikaipata kwenye duka la spea karibu na stendi ya teksi. Neema alinishikia bisibisi. Ile ya zamani nilitaka kubaki nayo, halafu nikaona huo ni mwanzo wa ujinga mwingine, nikaitupa kwenye pipa lenu. Tuliwasha. Zote mbili sasa zinaangaza sawasawa, na gari linaonekana kama la mtu mwingine. Nililia hapo uani kwenu, Neema akijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la vifaa.

Mwakani tunakwenda tena. Mama Neema atakuwa wa tatu, mimi wa mwisho, na kila njia panda atanisubiri mpaka anione karibu yake. Mimi sitamwambia aende tu.

Kwaheri, ndugu yangu. Sitakutafuta tena kwenye kioo.