Kengele Waliyoitoa

Ruguru, wacha chochote unafanya unisome. Mume wangu Munene bado amekaa kwa kiti mbele ya gemu.

Unajua ile gemu yao ya magari, ile yeye na kakake Kaberia wamecheza tangu shule? Toleo jipya limetoka. Wenye akili zao wakaamua maiki ijifungue yenyewe ukiingia. Wakaondoa na ile kengele ya kukuambia mwenzako ameingia. Kengele, Ruguru! Kengele iliwakosea nini?

Sasa tumetoka kanisa, Munene anangoja Kaberia aingie kwa gemu akiwa kwake Ruiri, akidhani waliomo ni wageni tu. Nikamuuliza daktari alisema nini alipochukua majibu ya vipimo vya Kaberia hospitali. Nikamwambia azime maiki kwanza. Akacheka. "Hawa ni Wabrazili. Tuongee Kimeru, nani ataelewa?"

Nani ataelewa! Akaniambia yote kwa Kimeru. Kwamba saratani imefika kwa ini. Kwamba mama yao amekataa Kaberia aambiwe mpaka Ciakuthii, binti ya Kaberia, aolewe.

Halafu sauti ya Kaberia ikatoka kwa spika, kwa Kimeru hichohicho: "Munene, anzisha mbio."

Munene akaanzisha. Kwa kona ya mwisho nikamwona akipunguza mwendo ili kakake apite.

Kaberia akasimamisha gari lake palepale, katikati ya barabara.

"Hapana," akasema. "Usianze kuniachia."