Si Ameamka, ni Kimeamka

Nyuma ya karakana ya mabati,
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Vipi hali yako na baridi ya huko? Goti bado linakusumbua? Sisi tu wazima, ila Mama analalamika huandiki, na mimi nimechoka kukutetea.

Kaa kitako nikupe habari. Lile sanduku la vitabu vya kutisha uliloniachia, vya mambo makubwa ya nyuma ya nyota yasiyojua hata kama tupo, limezaa bendi. Tunapiga muziki wa metali, ule mzito wa giza. Fundi bomba yuko kwenye gitaa, nesi kwenye ngoma, na mimi mshona nguo ndimi ninayeimba kwa kunguruma.

Unamjua shemeji yako. Mwalimu wa Kiswahili hastaafu. Siku Baba aliponisikia nikifanya mazoezi alisema nimeiua lugha, na tangu hapo, mwaka na ushei, hakunisemesha. Hata chumvi aliiomba kupitia Mama, nami nimekaa mbele yake. Nilijitia sijali, lakini nimelia sana juu ya cherehani.

Jana mchana tulikuwa na maonyesho mawili katika ukumbi wa shule ya ufundi. Katika la kwanza nikamwona Baba safu ya nyuma, kalamu nyekundu mkononi. Nikafumba macho, nikanguruma hivyo hivyo.

Wakati wa mapumziko akaja nyuma ya jukwaa na karatasi. Mjomba, mngurumo wangu hakuna anayeshika neno, hata Mama. Baba alikuwa ameandika wimbo wote, neno kwa neno.

"Hapa umekosea," akasema. "Unaimba 'ameamka'. Nani huyo, mtu? Mnyama? Kama ni kitu kisicho na roho, kimeamka."

Nesi akaangusha vijiti. Kumbe kile kitu cha nyuma ya nyota, kisichozaliwa wala kufa, tulikuwa tunakiimba kama jirani aliyechelewa kuamka.

Onyesho la pili nikanguruma "Kimeamka", na ukumbi mzima ukaitikia mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Asikwambie mtu, onyesho lilifana. Baba alikuwa amesimama, anaitikia na wenzake.

Leo mezani amenitazama machoni, akasema, "Kelele, nipe chumvi." Lile jina ulilonipa wewe. Nimempa mwenyewe, bila kupitia kwa Mama.

Nisalimie mkeo na wale mapacha. Mungu akulinde wewe na goti lako. Baba anakusalimu pia. Amesema lazima aipitie barua hii kabla sijaifunga, kwa hiyo kosa lolote utakaloliona humu ni lake.

Mpwa wako akupendaye,
Kelele